Dole Gumba Halisomi Mkataba: Haja ya Kisomo Mahali pa Kazi

Samaki mkunje angali mbichi, akikauka hakunjiki. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, tukaiandikia insha na kuitungia visa. Sina ugomvi na wahenga walioitunga, kwani waliikusudia malezi ya watoto. Ugomvi wangu ni na sisi tuliorithi methali hiyo, tukaigeuza kufuli ya kuwafungia nje ya elimu watu wazima ambao jua la utoto wao lilitua kabla hawajashika kalamu. Watu hawa hawako mbali nasi. Ndio wanaochuma majani ya chai Kericho na Nandi. Ndio wanaokata na kufunga maua ya Naivasha yanayosafirishwa hadi Uholanzi na Uingereza. Ndio wanaofanya kazi katika viwanda vya Athi River. Na ndio wanaofagia kumbi za mihadhara tunamoketi tukijadili fonolojia na semantiki.

Katika makala haya ninakusudia kutetea hoja moja: kwamba mfanyakazi asiyejua kusoma na kuandika anastahili kufundishwa papo hapo kazini, katika saa za kazi, na kwamba mafunzo hayo yaanze kwa Kiswahili, kisha yamfikishe kwenye Kiingereza bila kumwacha njiani. Sehemu ya mwisho ya hoja hii yamkini itawaudhi baadhi ya wanachama wenzangu. Nawaomba wanivumilie.

Ukubwa wa tatizo

Utafiti wa kitaifa kuhusu kisomo cha watu wazima uliofanywa nchini mwaka wa 2006 ulidhihirisha kuwa asilimia 38.5 ya watu wazima, yaani takriban watu milioni 7.8, hawakujua kusoma na kuandika. Waliokuwa na kiwango cha kisomo kinachotosheleza mahitaji ya maisha walikuwa asilimia 29.6 pekee. Kati ya wanaume, waliojua kusoma walikuwa asilimia 64.2, kati ya wanawake walikuwa asilimia 58.9.

Kuna atakayesema kuwa takwimu hizo zimezeeka, na kwamba elimu ya msingi bila malipo iliyoanza Januari 2003 imekwisha kulitibu donda hilo. Jibu langu ni hesabu nyepesi. Aliyekuwa na umri wa miaka 25 wakati wa utafiti huo sasa yumo katika miaka ya arobaini. Bado yuko kazini, na atakuwa kazini kwa miaka mingine kumi na mitano. Elimu ya bure ilimfaa mwanawe, haikumfaa yeye.

Naam, tunamkumbuka Mzee Kimani Maruge, aliyejiandikisha katika darasa la kwanza mwaka wa 2004 akiwa na umri wa miaka 84, katika shule ya msingi ya Kapkenduiywo mjini Eldoret. Ulimwengu ulimshangilia, na alistahili. Hata hivyo, mfano wake una funzo ambalo hatukulizingatia. Mzee Maruge aliweza kuketi darasani asubuhi kwa sababu hakuwa na msimamizi wa kumwita kazini asubuhi hiyo. Mchuma chai anayelipwa kwa kilo hawezi kuvaa kaptura na kwenda kukaa na watoto. Ikiwa yeye hawezi kuifuata shule, hatuna budi kuipeleka shule alipo.

Gharama ya dole gumba

Miaka kadhaa iliyopita, wakati wa likizo ndefu, nilisaidia kufundisha darasa la Jumapili katika kijiji kimoja wanakoishi wafanyakazi wa mashamba ya maua. Siku moja baada ya darasa, mama mmoja alinijia na karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Mwalimu, hebu nisomee hii. Miwani nimeisahau nyumbani."

Sikuwa nimewahi kumwona na miwani. Niliifungua karatasi. Ilikuwa barua ya onyo, ya pili, iliyoandikwa kwa Kiingereza. Ilieleza kuwa alikuwa ameondoka kazini bila ruhusa na kuwa amekubali kosa hilo. Chini kabisa palikuwa na alama ya dole gumba kwa wino wa zambarau.

"Mama, ulipoweka dole hapa uliambiwa ni nini?"

"Niliambiwa ni fomu ya ofu. Kwani si fomu ya ofu?"

Sikujua nimjibu nini. Nilimsomea barua ile neno kwa neno kwa Kiswahili, naye akasikiliza hadi mwisho, akaikunja tena mara nne, akaitia kifuani. Hakurudi darasani Jumapili iliyofuata. Nadhani aliona haya mbele yangu, ilhali aliyestahili kuona haya hakuwa yeye.

Sheria haiko kimya kuhusu jambo hili. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinaruhusu mfanyakazi akubali mkataba kwa kuweka alama ya dole gumba, lakini mbele ya mtu mwingine asiye mwajiri wake. Aidha, kinamtaka mwajiri ahakikishe kuwa mkataba huo umefafanuliwa kwa lugha anayoielewa mfanyakazi asiyejua kusoma au asiyeifahamu lugha ya mkataba. Kifungu cha 41 cha sheria iyo hiyo kinamtaka mwajiri anayekusudia kumfuta mtu kazi kwa ajili ya mwenendo au utendaji mbaya amweleze sababu kwa lugha anayoielewa. Maneno ya sheria ni mazuri. Hata hivyo, asiyejua kusoma atajuaje kuwa alichofafanuliwa ndicho kilichoandikwa? Ufafanuzi wa mdomo huruka na upepo, na karatasi hubaki kwenye faili.

Tutazame pia hati ya mshahara. Oktoba 2024 makato ya NHIF yalikomeshwa na mahali pake pakachukuliwa na bima mpya ya afya ya jamii, ambayo hukata asilimia 2.75 ya mshahara. Pana pia ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5. Mfanyakazi anayepata shilingi 18,000 hukatwa shilingi 495 kwa bima na shilingi 270 kwa nyumba, kabla ya kuhesabu makato ya NSSF. Hii ni hesabu ya dakika mbili kwa anayeijua asilimia. Kwa asiyeijua, mshahara ni kiasi kilichobaki tu. Kikipungua, hawezi kutambua kama kimepunguzwa na serikali, na karani, au na chama cha akiba na mikopo.

Fauka ya hayo, pana hatari inayougusa uhai wenyewe. Katika vivungulio vya maua hunyunyizwa kemikali za kuua wadudu na ukungu. Vibandiko vya kemikali hizo huwa na ukanda wa rangi: nyekundu kwa zilizo kali kabisa, kisha manjano, samawati na kijani kwa zenye makali madogo zaidi. Rangi husaidia, lakini rangi haisemi ni saa ngapi zipite kabla ya mtu kuingia tena mahali paliponyunyizwa. Hilo husemwa kwa tarakimu na maneno. Vilevile, tangu M-Pesa ianzishwe mwaka wa 2007, wengi hupokea ujira wao kwa simu. Asiyeweza kusoma ujumbe wa simu humpa jirani simu yake pamoja na nambari yake ya siri. Huko ni kumkabidhi mwingine ufunguo wa ghala.

Kwa nini kazini?

Si kwamba serikali haijajaribu. Kampeni ya kitaifa ya kufuta ujinga ilitangazwa Desemba 1978, na idara maalumu ya elimu ya watu wazima ikaundwa mwaka uliofuata. Madarasa ya ngumbaru yalienea vijijini. Hata hivyo, madarasa hayo mara nyingi yalimngoja mwanafunzi alasiri au jioni, nje ya kazi yake. Mwanamke aliyesimama tangu alfajiri akifunga maua, akirudi nyumbani hukuta maji hayajatekwa, chakula hakijapikwa, na mtoto ana kazi ya ziada ya shule asiyoweza kumsaidia kuifanya. Kumwambia aende darasani saa hiyo ni kumwalika karamuni baada ya kumfunga mikono.

Majirani zetu wa Tanzania waliling'amua jambo hili mapema. Mwaka wa 1973 agizo la Waziri Mkuu lilizitaka taasisi na mashirika yaandae elimu ya wafanyakazi na kuitengea sehemu ya saa za kazi. Agizo hilo lilikwenda sambamba na kampeni kubwa ya kisomo, kwa Kiswahili, iliyotumia vitabu vilivyotungwa kwa kufuata shughuli za wasomaji wenyewe kama vile kilimo cha pamba, uvuvi na ufugaji. Kiwango cha wasiojua kusoma na kuandika nchini humo kilishuka kutoka takriban asilimia 67 mwaka 1967 hadi takriban asilimia 10 mwaka 1986. Sisemi kuwa kila kitu kilikwenda sawa. Uchumi ulipodorora, mengi ya madarasa hayo yalififia pamoja na bajeti zilizoyalisha. Ninachosema ni kuwa wazo la kusoma katika saa za kazi si ndoto ya mchana. Limewahi kutendwa na watu wasiotuzidi kwa mali.

Pamoja na hayo, kuna tahadhari moja. Mahali pa kazi ni mahali pa macho mengi. Mtu aliyejificha nyuma ya miwani isiyokuwapo kwa miaka ishirini hatajitokeza kwa kutangaziwa kwa kipaza sauti kuwa wajinga wote wakutane ukumbini saa nane. Darasa lisiitwe la ngumbaru. Liitwe darasa la usalama kazini, au la kuelewa hati ya mshahara, na likaribishe kila mtu, ajuaye kusoma na asiyejua. Ndani yake, kila mmoja ataanzia pale alipo. Na matokeo yake yasifikishwe kwa msimamizi, la sivyo watakaokimbia kwanza ni wale tuliowaandalia.

Lugha gani itangulie?

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Waajiri wanaofikiria kuwafundisha wafanyakazi wao huelekea kutaka Kiingereza moja kwa moja. Hoja yao ni kwamba fomu ni za Kiingereza, wanunuzi wa ng'ambo ni wa Kiingereza, na mashine zimeandikwa Kiingereza. Basi humchukua mtu ambaye hajawahi kuisoma lugha yoyote, wakamfundisha mambo mawili kwa mkupuo mmoja: kwamba alama zina sauti, na kwamba sauti hizo ni za lugha asiyoifahamu. Akishindwa, husema ni mzito wa kichwa.

Maandishi ya Kiswahili humpokea mwanagenzi kwa upole. Herufi husimamia sauti ile ile popote ilipo, na silabi hufuatana kwa utaratibu: ba, be, bi, bo, bu. Anayekisema Kiswahili tayari, akizimudu silabi, anaweza kuvumbua maneno ambayo hakufundishwa, kwa kuwa maneno hayo yamo kinywani mwake. Kiingereza hakina huruma hiyo. Herufi nne zile zile hutamkwa hivi katika neno lao la kikohozi, na vingine kabisa katika neno la unga uliokandwa. Aliyekwisha kujua kusoma kwa lugha anayoielewa huvumilia ukaidi huo, kwa kuwa anajua kusoma ni nini. Ujuzi wa kusoma hupatikana mara moja, kisha huhamishiwa lugha nyingine. Kuanza na Kiswahili, kwa hiyo, si kumchelewesha mfanyakazi. Ni kumpitisha njia fupi.

Sasa nije kwa wenzangu wa vyama vya Kiswahili. Wengi wetu tukifika hapa hupiga makofi na kufunga mjadala. Tunasema: basi Kiswahili kinatosha, Kiingereza ni kasumba ya kikoloni, mfanyakazi ana haja gani nacho? Ndugu zangu, ni nani kati yetu aliyeandika barua ya kuomba kazi kwa Kiswahili pekee? Katika darasa lile la Jumapili nililolitaja, niliwauliza wanafunzi wangu wanataka kujua nini. Nilitarajia waseme barua za mapenzi, Biblia, au mikataba. Mzee mmoja mlinzi alisema anataka Kiingereza cha kuandika katika kitabu cha lango, kwa kuwa vijana waliomkuta kazini wamepandishwa cheo na kumwacha langoni. Alikuwa amelinda lango hilo kwa miaka kumi na minne. Sikuwa na haki ya kumhubiria uzalendo.

Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kimekifanya Kiswahili lugha ya taifa, tena lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Usawa huo u katika karatasi. Kazini mizani imeinama upande mmoja. Ni wajibu wetu kupigania mizani hiyo isawazike, ili mikataba, maonyo na maelezo ya usalama yatolewe kwa Kiswahili pia. Lakini tusiwageuze wafanyakazi kuwa askari wa vita vyetu kwa kuwanyima silaha tunayoitumia sisi wenyewe kila siku. Kiswahili kimpe ufunguo, Kiingereza kimfungulie mlango wa pili. Anayemnyima kimojawapo amemdhulumu.

Na hicho Kiingereza kiwe cha kazini. Kisiwe cha hadithi za paka na mkeka walizosomeshwa watoto. Kianze na maneno ya hatari yaliyo ukutani, majina ya vifaa, tarehe na saa, jinsi ya kuripoti mashine iliyoharibika, jinsi ya kujaza fomu ya likizo, na jinsi ya kusema kwa adabu: sijaelewa, tafadhali nieleze tena. Sentensi hiyo ya mwisho, kwa maoni yangu, ingeitangulia mingine yote.

Nani agharimie?

Waajiri watauliza swali hili, na ni la haki. Kwanza, kila mwajiri hutakiwa kulipa ada ya mafunzo ya viwandani ya shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, na fedha hizo husimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA. Mchuma chai naye huhesabiwa katika ada hiyo. Ni haki kisomo cha msingi kitambuliwe wazi wazi kuwa mafunzo ya kazi yanayostahili kugharimiwa na mfuko huo, sawa na mafunzo ya fundi umeme au ya meneja. Pili, vyama vya wafanyakazi vinavyojadiliana na waajiri kuhusu mishahara na nyumba vitie saa za kisomo katika makubaliano yao ya pamoja. Saa mbili kwa juma si nyingi. Haba na haba hujaza kibaba.

Wapo waajiri wenye hofu ambayo hawaisemi hadharani: kwamba mfanyakazi akijua kusoma atahama, au atausoma mkataba wake na kudai haki. Kuhusu kuhama, mtu huhama penye dharau kuliko anavyohama penye mafunzo. Kuhusu kudai haki, mkataba unaosimama kwa sababu tu aliyeutia dole hawezi kuusoma si mkataba, ni mtego. Mwajiri mwema hana la kuogopa.

Wajibu wetu

Tumejifunza sajili za lugha: ya hospitalini, ya mahakamani, ya kanisani, ya sokoni. Tunazichambua kwa ustadi na kupata alama nzuri. Ni wangapi kati yetu waliowahi kuketi na mfanyakazi na kumfasiria hati yake ya mshahara? Chuo chetu kina watu wanaofagia, wanaopika na wanaolinda malango. Darasa la kwanza lingeanzia hapa hapa, si Naivasha.

Tukianza, tujihadhari na ugonjwa wetu wa kupenda misamiati mikubwa. Mfanyakazi anayeambiwa "ujira ghafi" hajafafanuliwa kitu. Amefumbiwa fumbo jipya badala ya lile la zamani. Mwambie "mshahara kabla ya makato" naye ataelewa mara moja. Akisema "ovataimu", usimsahihishe kabla hujamfundisha kuihesabu. Kiswahili sanifu kitamfikia kwa wakati wake, kupitia maandishi atakayoyasoma mwenyewe.

Napendekeza kila chama cha Kiswahili chuoni kitunge kijitabu kimoja kwa mwaka: cha kuuelewa mkataba wa kazi, cha hati ya mshahara, cha vibandiko vya kemikali, kisha cha Kiingereza cha kazini kilichofafanuliwa kwa Kiswahili chepesi. Wahadhiri wetu waikubali kazi hiyo kama sehemu ya tathmini, kwani ina isimujamii, tafsiri na mbinu za ufundishaji ndani yake. Kijitabu kisomwe kwanza na watu tunaowaandikia. Wasipokielewa, kosa ni letu, na tukiandike upya.

Yule mama wa barua iliyokunjwa mara nne sikumwona tena. Sijui kama barua ya tatu ilimfikia. Ninachojua ni kuwa angaliweza kuisoma ile ya kwanza, asingaliweka dole kwenye ya pili. Samaki mkavu hakunjiki, ni kweli. Lakini binadamu si samaki, na anayetaka kujifunza akiwa na miaka hamsini hahitaji kukunjwa. Anahitaji kalamu, saa mbili kwa juma, na mtu wa kukaa naye. Kwa hayo, naiweka yangu chini, nikisubiri kusikia ni nani atakayeiokota.